Mgeni wa kujitolea anakuja Mpunguzi: chumba na chakula ni ukarimu au ni ujira?

"Sisi ni familia ya watu saba, tunaishi Mpunguzi, nje kidogo ya Dodoma mjini. Tuna ekari mbili za zabibu, kuku, na kiduka kando ya barabara ya Iringa. Kijana wetu mkubwa yuko chuo. Yeye ndiye aliyetuandikisha kwenye mtandao unaokutanisha familia na vijana wa nje wanaotaka kukaa bila kulipa hoteli, nao wasaidie kazi. Tumeandika kwamba tunatoa chumba na milo mitatu, na mgeni atasaidia saa tano kwa siku, siku tano kwa wiki, shambani na kuwafundisha wadogo Kiingereza. Sasa binti wa Kijerumani, miaka 22, amekubali kuja miezi mitatu kuanzia Juni. Anasema ataingia kwa viza ya utalii na hataki mshahara. Mume wangu anasema hapo hakuna kosa maana hatumlipi. Jirani anasema tutakamatwa. Chumba tutampa kile cha dada wa kazi, dada atalala na watoto. Naomba kujua kama ni halali, kama gharama hazitatushinda, na nifanye nini nisije nikaumbuka mbele ya mgeni."

Mama, shikamoo, kama umenizidi. Kama hukunizidi, basi habari za nyumbani. Nimelisoma swali lako mara tatu. Umeuliza sheria, umeuliza pesa, umeuliza aibu. Liko na la nne ambalo hukuliuliza, umelipitisha kwenye sentensi moja karibu na mwisho. Nitalifikia.

Mimi si wakili. Kwa miaka kadhaa kazi yangu imekuwa kuwatafutia familia za kukaa nao vijana wanaokuja kujitolea mikoa hii ya kati, na kuitwa usiku mambo yakiharibika. Kwa hiyo nitakayokuambia mengi yanatoka huko, kwenye kuitwa usiku.

Tuanze na mzee. "Hatumlipi" ni neno ninalolisikia karibu kila nyumba, na karibu kila anayelisema analisema kwa moyo safi. Lakini hebu jiulize: siku binti akiamka akasema leo sishiki kazi, kesho pia hapana, wiki yote nataka kusoma vitabu kibarazani, mtamtazamaje? Kama mtasema "sasa huyu tunamlisha kwa lipi?", basi jibu mnalo. Chakula kile ni ujira. Kimebadili sura tu. Sisi wa huku hatuhitaji kufundishwa hilo. Miaka ya njaa Ugogo watu walikwenda kuhemea, wakalima mashamba ya wenye akiba, wakarudi na debe la mtama au uwele. Hakuna aliyesema yule mtu amejitolea. Alikuwa kibarua, na debe lilikuwa malipo yake.

Mpango huu wa kazi kwa chumba na chakula una historia yake huko ulikotoka, na inasaidia kuijua. Mwaka 1971 Uingereza, katibu muhtasi mmoja wa London, Sue Coppard, alitafuta njia ya watu wa mjini kwenda mashambani mwishoni mwa wiki, wafanye kazi kwenye mashamba yasiyotumia kemikali, walale na kula hapo. Ndiyo mtandao unaojulikana leo kwa jina la WWOOF. Angalia: ilikuwa mwisho wa wiki, si miezi mitatu. Upande mwingine kuna vijana wanaokaa na familia za Ulaya wakilea watoto, wanaoitwa au pair. Nchi za Ulaya ziliwawekea mkataba Strasbourg mwaka 1969: kazi isizidi saa tano kwa siku, wapate angalau siku nzima moja ya kupumzika kila wiki, na wapewe pesa ya mkononi. Kwa hiyo zile "saa tano" alizoandika kijana wako hazikutoka hewani. Ni desturi ya kwao, imesafiri kwenye intaneti mpaka imefika Mpunguzi. Ila mitandao hiyo huwa inaacha suala la viza mikononi mwa msafiri mwenyewe. Haitoi kibali cha nchi yoyote. Kuonekana kwenye mtandao si kuruhusiwa na Tanzania.

Tanzania inasemaje? Viza ya kawaida ya matembezi, ile ya dola 50 kwa wageni wa nchi nyingi, Wajerumani wakiwemo, inampa mtu nafasi ya kutembea, kupumzika, kusalimia ndugu na marafiki, kwa muda usiozidi siku 90. Haimpi nafasi ya kufanya kazi, na kujitolea kunahesabiwa humo. Mgeni anayekuja kujitolea huombewa kibali cha ukaazi daraja C, ambalo ni daraja moja na wanafunzi, watafiti na wamisionari. Na kwa kuwa kuna kazi ndani yake, ofisi ya Kamishna wa Kazi nayo ina sauti, tangu ilipotungwa Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015. Maombi hayo huandamana na barua na usajili wa taasisi inayompokea: shule, dayosisi, hospitali, asasi. Hapo ndipo familia inapokwama. Familia ni kitu kikubwa sana kwetu, lakini si taasisi iliyosajiliwa.

Kwa hiyo jirani yupo karibu na ukweli kuliko mzee, ingawa naye ameongeza chumvi. Ninavyolijua jambo hili, anayebanwa kwanza ni mgeni: anahojiwa, anatozwa, anaweza kuondoshwa nchini na jina lake likabaki kwenye kumbukumbu. Lakini mwenyeji naye huitwa kujieleza, na nyinyi mtakuwa na ugumu wa kujieleza kwa sababu kijana wenu ameshaandika kila kitu hadharani, saa na siku, kwa Kiingereza safi. Mwambie aliondoe tangazo hilo leo hii. Si kwa kuficha. Ni kwa sababu mnatangaza jambo ambalo hamna kibali nalo.

Utaniuliza, sasa mgeni asiguse hata ufagio? Hapana, tusifike huko. Mgeni anayeosha vyombo baada ya kula, anayekaa jikoni kuchambua mlenda na mama, anayefuatana na watoto kuokota mayai, huyo ni mgeni mwenye adabu. Hata methali yetu ya siku ya tatu mpe jembe inamzungumzia mtu huyo. Tofauti inaingia pale mnapoweka ratiba na badilishano: saa hizi hadi saa hizi uwe shambani, ndipo upate chumba. Sitakudanganya kwamba mpaka huo umechorwa kwa chokaa. Ofisa anatazama jambo zima: amekuja kwa muda gani, mlikubaliana nini, anafanya nini kila siku, na kama angeondoka kesho mngehitaji kutafuta mtu wa kushika nafasi yake. Hilo la mwisho ndilo kipimo changu mwenyewe. Kama mngelazimika kutafuta kibarua, basi alikuwa kibarua.

Mna njia mbili za maana.

Ya kwanza ni aje kama mgeni kweli. Muda mfupi, wiki mbili au tatu, viza yake ya matembezi, hana ratiba, hana deni la kazi kwenu. Anaishi na familia, anaona maisha, anajifunza Kiswahili, akitaka kuwafuata shambani afuate, asipotaka asikilize ndege. Akitaka kuchangia mchele na mafuta kama ambavyo mgeni yeyote hafiki mikono mitupu, hiyo ni desturi. Lakini msimwekee bei kwa usiku. Mkianza kutoza bei na kupokea mwingine na mwingine mmeingia kwenye biashara ya malazi, nayo ina leseni na kodi zake. Si dhambi, wapo wanaoifanya vizuri, ila ifanyeni mkiijua.

Ya pili ni apitie taasisi iliyosajiliwa, yenyewe imwombee kibali, nyinyi muwe familia ya kumlaza tu. Serikali ya Ujerumani ina mpango wake wa vijana wa miaka 18 hadi 28, unaitwa weltwärts, ulianza 2008, na Tanzania ni mojawapo ya nchi wanakotumwa. Kijana anapewa makazi, chakula na pesa kidogo ya mkononi, na kuna shirika kule na mshirika huku wanaojibu simu likitokea jambo. Kama binti huyu anataka kweli kukaa miezi mingi na kufanya kazi, mweleze kuhusu njia hiyo. Itamchukua muda mrefu zaidi, na pengine hataishia kwenu. Ndiyo bei yake.

Kwenye njia hii ya pili nakuomba uulize jambo moja bila haya: nani anapokea pesa ya chakula? Niliwahi kupeleka vijana wawili kwa familia moja kupitia asasi ambayo sitaitaja. Mama mwenye nyumba alikuwa anapewa kiasi ambacho hakikufika hata gharama ya mkate na mayai, akanyamaza, akawa anakopa dukani. Mwezi wa pili mmoja wa vijana akamwonyesha risiti ya alicholipa kwao kwa ajili ya "familia inayonipokea". Yule mama aliketi chini. Niliona aibu ambayo mpaka leo sijaimaliza, maana mimi ndiye niliyemwambia awaamini. Tangu siku hiyo familia na mgeni wote wawili lazima wajue kiasi, kwa maandishi, mbele yangu.

Nafahamu kuwa ulichokitaka zaidi ni msaada wa shamba. Hapa niseme kama mtu wa Dodoma. Zabibu zetu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, mavuno ya Februari na Machi, kisha ya Agosti na Septemba. Mgeni wa Juni anakuta katikati. Kazi inayobaki ni kupalilia, kufunga matawi, kumwagilia kwa wenye maji, kupiga dawa. Kupogolea ndiyo kazi yenyewe, na ni kazi ya mtu anayejua jicho gani aliache na lipi aliondoe. Mkono mgeni na mkasi wa kupogolea ni hasara ya msimu mzima. Dawa usimpe kabisa, hata akiomba: hana mazoea, hana vifaa, na siku akiugua hutajua kama ni dawa au ni maji. Ukipiga hesabu ya kweli, saa zako unazotumia kumwelekeza wiki ya kwanza na ya pili, chakula, na miche itakayovunjwa kwa nia njema, kibarua wa hapo hapo Mpunguzi atakutoka nafuu. Kama unatafuta elimu ya zabibu, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Makutupora kipo mkoani kwako, na aina ya zabibu nyekundu inayobeba jina hilo unaijua kuliko mimi. Mgeni wa miaka 22 hawezi kukuzidi hapo.

Kwa maneno mengine, msimkaribishe kwa ajili ya nguvu zake. Kama faida yenu ni nguvu zake, mpango huu ni mbaya kwenu hata ungekuwa halali.

Faida iko upande wa watoto, na hapo sina kipingamizi. Mtoto anayesikia Kiingereza mezani kila jioni anapoteza woga wa kukisema, jambo ambalo daftari haliwezi kumpa. Ila Mjerumani si lazima awe mwalimu, na Kiingereza si lugha ya mama yake. Mazungumzo, hadithi, kucheza karata, kumfundisha yeye Kiswahili na Kigogo kidogo ili watoto nao wajione wana cha kumpa, hivyo vinatosha. Kumpeleka shule ya msingi ya jirani akafundishe darasani ni jambo jingine kabisa. Hilo linahitaji kibali na linahitaji mwalimu mkuu ajue anafanya nini, hata kama mwalimu mkuu ndiye anayekuomba.

Na tulindane. Wewe huyu binti humjui, yeye hakujui. Mwombe mapema hati ya polisi ya kwao kwamba hana kosa, nasi tunayo ya namna hiyo, cheti cha tabia njema. Hatakasirika, kwao anayefanya kazi na watoto huombwa hati hiyo. Mzungumze naye kwa simu ya video, si mara moja. Mpe majina ya watu wawili wa mtaa wanaowafahamu, mchungaji au mwalimu, awaulize na yeye. Picha za watoto wenu kwenye mitandao yake, semeni neno kabla hajafika: hapana, au ndiyo kwa ruhusa yenu kila mara. Ukingoja aposti ndipo useme, utakuwa umechelewa.

Sasa gharama na aibu. Nimeziweka pamoja kwa sababu kwenye nyumba nyingi nilizoingia ni jambo moja: familia inaumia mfukoni kwa kuogopa kuaibika. Mgeni anafika, wiki ya kwanza ni kuku, pilau, soda, mikate ya mjini. Wiki ya tatu mama anakopa. Mwezi wa pili nyumba nzima imenuna na mgeni hajui kwa nini. Nimeambiwa na vijana wengi, kwa nyakati tofauti, kwamba walichotaka ni kula kile wanachokula watoto wa nyumba. Mpikieni ugali wa uwele na mlenda siku ya pili, si mwezi wa pili. Kinachopandisha matumizi kwa kweli si sahani yake, ni vitu vya pembeni: maji ya kunywa yaliyochemshwa, mkaa au gesi ya kuyachemshia, Luku inayokimbia kwa sababu kuna kompyuta, kikausha nywele na mtu anayelala taa ikiwaka. Pigeni hesabu hiyo na kijana wenu. Kama mgeni hali nyama ulizeni sasa; huku kwetu ni rahisi kuliko anavyofikiri, choroko, kunde, mboga za majani, karanga.

Mwambieni kwa uwazi hali ilivyo. Bafu ni la nje? Ndoo na kata? Maji ya bomba yanatoka siku gani na siku gani hayatoki? Choo ni cha shimo? Tumeni picha, ya choo pia. Najua mkono utasita. Lakini aibu ya picha ni ya dakika moja, na aibu ya mgeni kusimama mlangoni mwa choo uso umembadilika mtaibeba wiki nzima. Mwambieni pia kuhusu baridi. Wengi wanakuja na vitambaa vyepesi, wanadhani Afrika ni jua tu. Juni na Julai ya Dodoma, na ule upepo wake wa usiku, imewaliza wengi. Na saa: "njoo saa mbili" kwake ni mchana, kwako ni asubuhi. Niliwahi kungoja kijana kituoni saa sita nzima kwa kosa hilo.

Mambo mazito yanahitaji kusemwa kabla, kwa maneno machache, hata kama midomo inakuwa mizito. Mwisho wa kurudi nyumbani usiku. Kama anaweza kuleta rafiki wa kiume. Kanisani Jumapili ni hiari au la, nami nashauri iwe hiari. Kwamba hakuna mtu wa nyumba hiyo atakayemwomba mkopo, simu wala ada, na jirani akiomba, atakuja kukuambia wewe. Hili la mwisho mzee aliseme mwenyewe mbele ya watoto wote.

Pasi yake ya kusafiria akae nayo mwenyewe. Nimewahi kukuta baba mwenye nyumba ameifungia kabatini "kwa usalama", na alikuwa anasema kweli, lakini kushika hati ya kusafiria ya mtu ni mojawapo ya dalili za mwanzo zinazotazamwa na wanaoshughulikia usafirishaji haramu wa binadamu, na tuna sheria yake tangu 2008. Awe na nauli ya kuondoka. Treni ya SGR imerahisisha mambo, ndani ya saa chache yuko Dar es Salaam, hivyo akitaka kuondoka kabla ya siku zake mwacheni aende, msindikizeni stesheni. Awe na bima ya matibabu iliyolipiwa kwao, na nakala yake mkae nayo. Akipata homa asingoje. Mpelekeni hospitali mjini siku hiyo hiyo, msijaribu dawa za dukani kwanza. Akisema kuna mtu amemgusa au kumtisha, awe nani, hata awe ndugu yenu, mpelekeni dawati la jinsia la polisi na mumsaidie kupiga simu ubalozini. Hilo si la kulimaliza kwa kikao cha ukoo.

Nifike sasa kwenye sentensi yako ya karibu na mwisho. Dada wa kazi atatoka chumbani kwake, atalala na watoto.

Naomba tutazame nyumba hiyo mwezi wa Julai kwa macho ya dada. Analala chini na watoto watatu. Anaamka saa kumi na moja kuwasha moto ili mgeni apate maji ya moto. Mgeni, ambaye ameandikiwa saa tano kwa siku na Jumamosi na Jumapili za kupumzika, anashika jembe kidogo, anapigwa picha, mchana yuko huru. Wageni wameambiwa na mtandao kwamba zaidi ya saa tano ni unyonyaji. Dada hakuambiwa kitu na mtandao. Na kazi yao inafanana: wote wawili wanapewa chumba na chakula. Tofauti ni kwamba mmoja ameandikiwa masharti.

Sikushutumu. Nyumba ya mama yangu ilikuwa hivyo hivyo na sisi tuliona ni kawaida. Lakini umeniuliza halali ni ipi, na sheria ya kazi inamhusu dada kuliko inavyomhusu Mjerumani. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inaweka vigezo vya kumtambua mwajiriwa: kama unampangia namna ya kufanya kazi, kama unampangia saa, kama anakutegemea kimaisha, kama unampa vifaa, kama anafanya kazi kwako tu, au kama amekufanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita. Kigezo kimojawapo kikitimia, anahesabiwa mwajiriwa mpaka wewe uthibitishe vingine. Saa 45 kwa mwezi, mama. Mgeni wenu wa saa 25 kwa wiki angezifikisha ndani ya wiki mbili. Dada anazifikisha kabla ya Ijumaa ya kwanza.

Na mwajiriwa ana haki ya mshahara usiopungua kima cha chini, ambacho watumishi wa majumbani wamewekewa kwenye amri ya mishahara ya Serikali, pia mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, likizo ya siku 28 kwa mwaka, na kazi isiyozidi saa 45 kwa wiki bila malipo ya ziada. "Tunaishi naye kama mwanetu" haiondoi hata moja. Ndilo neno lile lile la mzee, "hatumlipi", limevaa kanga. Hali ni hiyo pia kama huyo dada ni binti wa ndugu aliyetoka Kondoa au Singida kwa ahadi kwamba atasomeshwa cherehani. Viwango vya mshahara hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa, hivyo pita ofisi ya kazi mjini uviulize vya sasa. Wakati uko hapo uliza na mfano wa mkataba.

Mgeni apewe chumba gani? Chumba cha kijana wenu aliye chuo, yeye ndiye aliyemwalika. Akirudi likizo atalala sebuleni. Atajifunza kitu kuhusu ukarimu wa kujitolea.

Hatua zenyewe sasa. Kabla binti hajakata tiketi, nenda ofisi ya Uhamiaji ya mkoa ukiwa na jina lake, nchi yake, tarehe na maelezo ya kweli ya atakachofanya, uwaulize. Kwenda kuuliza si kosa, na jibu la ofisa aliyeketi mbele yako lina uzito kuliko langu, kwa sababu taratibu na ada hubadilika. Malipo yoyote yaende kwa namba ya kumbukumbu ya Serikali. Anayetaka mkononi, ondoka. Akishafika, mpelekeni kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji siku ya kwanza au ya pili, aandikwe kwenye daftari la wageni. Jirani yako mwenye maneno mwalikeni chai siku hiyo. Mkitaka kuingia mkataba wowote na asasi, hapo tafuta wakili asome kabla ya sahihi. Wako wanaotoa msaada wa kisheria bila malipo mjini.

Na mwandikieni binti sasa, msingoje. Kijana atafsiri, lakini maneno yawe yako. Ningeandika hivi: "Tulikosea kukuahidi kazi, hatuna kibali cha kukupa kazi. Tunakukaribisha kama mgeni, wiki tatu, hudaiwi kitu. Ukija Juni watoto watakuwa likizo, mtakuwa nao mchana kutwa, lakini zabibu hazijaiva na usiku kuna baridi. Ukija Agosti watoto watakuwa shule, ila utakuta maonyesho ya Nane Nane pale Nzuguni, na utatukuta tukivuna. Choo chetu ndicho hiki kwenye picha. Ukitaka kufanya kazi ya kujitolea kwa miezi, omba kupitia shirika la kwenu, na ukifika Dodoma njoo ule kwetu Jumapili."

Akijibu kwamba bado anakuja, mpokeeni. Akinyamaza, mmeokoa nauli yake na usingizi wenu. Mazungumzo na dada mkayafanye kwa vyovyote vile, aje au asije.